Pima Nne na Ushee: Kutoka Moshi Hadi Nyumba ya Fundi wa Mashua

Siku ya 1, Jumamosi

Baba mkwe wangu anaunda mashua Lang'ata, kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu. Nilipokwenda kumuaga kabla ya safari ya Marekani hakuniagiza saa wala koti. Alinipa kamba ya katani iliyokolea mafuta, yenye mafundo ishirini, na kutoka fundo hadi fundo ni dhiraa moja ya mkono wake mwenyewe.

"Usiniletee picha, mwanangu. Picha inadanganya. Niletee vipimo."

Kosa lilikuwa langu. Dada yangu anaishi Homestead, kusini mwa jimbo la Florida, na mwaka jana alinitumia picha za nyumba kongwe iitwayo The Barnacle, iliyo kando ya bahari mjini Miami. Mimi nachora ramani za nyumba hapa Moshi mjini, kwa hiyo nikawa naangalia paa. Nilipomwonyesha Mzee, paa hata hakulitazama. Alikuza picha kwa vidole viwili mpaka akafika kwenye mashua ndogo iliyofungwa gatini, akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Hii imechongwa na nani?"

Aliyeibuni ndiye mwenye nyumba, Ralph Middleton Munroe, Mmarekani aliyezaliwa 1851 na kufariki 1933. Hakusomea ubunifu chuoni. Alichora mashua 56 katika maisha yake, na nyumba akajijengea moja.

Leo asubuhi mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni, jua la Februari likiwa limeshaanza kuchoma saa mbili tu. Pale uwanja wa ndege wa KIA ofisa wa ukaguzi aliitoa kamba begini, akaining'iniza kwa vidole viwili kama nyoka aliyekufa.

"Hii ya nini, mzee?"

"Ya kupimia mashua."

"Moshi kuna mashua?"

Watu wa nyuma wakacheka. Nikamwambia zipo, aje Lang'ata siku moja ale perege. Akanirudishia.

Siku ya 2 na ya 3

Doha, kisha zaidi ya saa kumi na tano angani. Hakuna cha kusimulia isipokuwa miguu yangu, ambayo ilivimba hadi viatu vikagoma. Dada alinipokea, akanipikia ndizi alizozikuta duka la Wakyuba. Zilikuwa mzuzu. Mtori wa mzuzu ni kitu nitakachomsamehe kwa sababu ni dada yangu.

Homestead ni tambarare mpaka inachosha macho. Unageuka kaskazini hakuna mlima, unageuka magharibi hakuna mlima. Nilikuwa nimezoea kujua nilipo kwa kutazama juu.

Siku ya 4, Jumanne

Tumefika Coconut Grove, mtaa wa Miami ilipo nyumba ile, tumeegesha, tumetembea mpaka kwenye geti, na geti limefungwa. Jumanne ni siku yao ya mapumziko. Dada alinitazama, nami nikamtazama, maana jana usiku kila mmoja alidhani mwenzake ameangalia.

Basi tukazunguka mtaani, na sijutii.

Mita mia kadhaa kutoka pale kuna maktaba, na katika uwanja wake kuna kaburi moja. Amelala Eva, mke wa kwanza wa Munroe. Munroe alifika Ghuba ya Biscayne, ghuba ya hapa, mara ya kwanza 1877 kutoka New York, akaipenda. Mkewe alipougua kifua kikuu, akamleta huku kwenye hewa ya joto, kwa imani ileile iliyowafanya wagonjwa wa kifua wapelekwe Kibong'oto kwa ajili ya hewa ya mlimani. Haikusaidia. Eva alifariki 1882. Leo watoto wanapita kando ya kaburi lile wakirudisha vitabu, na hakuna anayeonekana kuogopa. Kwetu pangeshatungwa hadithi ya mzimu.

Mume akarudi kaskazini, lakini ghuba haikumtoka moyoni. Mwaka 1886 alinunua ekari 40 za ufukweni kwa dola 400 na mashua yake moja, Kingfish, iliyohesabiwa kuwa na thamani ya dola 400 nyingine. Nusu ya bei ya ardhi ililipwa kwa mashua! Mzee lazima nimweleze hilo. Yeye aliwahi kulipwa mtumbwi kwa mbuzi wanne na redio mbovu.

Kutoka maktaba tulitembea hadi Charles Avenue. Hapo ndipo walipokaa watu weusi waliotoka visiwa vya Bahama kufanya kazi katika hoteli ya kwanza ya eneo lile, miaka ya 1880. Walijua mawe ya matumbawe yanavyochongwa, mti gani unazaa kwenye udongo wenye chumvi, dhoruba inavyonuka kabla haijafika. Mmoja wa waliokuja baadaye, E.W.F. Stirrup, alijenga nyumba nyingi akawapangisha na kuwauzia wenzake. Nyumba zilizobaki ni za mbao, nyembamba, ndefu kwenda nyuma, zina baraza mbele. Mkabala wake zinapanda nyumba mpya nyeupe za mraba zenye paa la kujificha, zile ambazo wateja wangu wa Moshi wananiletea picha zake kila wiki. Nimesafiri nusu ya dunia nimezikuta zimenitangulia.

Dada alisema makaburi ya watu wa Bahama yako mtaa huohuo, na yamejengwa juu ya ardhi. Tukayaona kupitia uzio, meupe, yamepangana kama vitanda vya bweni. Jua lilikuwa limekaza. Tukarudi.

Siku ya 7, Ijumaa

Geti liko wazi. Kiingilio dola 2, na ziara ya ndani ya nyumba inalipiwa kando.

Ukiingia huoni nyumba wala bahari. Unaingia msituni. Barabara ya magari iko nyuma yako hatua thelathini, na tayari umeshasahau kelele zake. Munroe aliuacha msitu huu wa asili usimame kati ya nyumba yake na barabara, na mpaka leo upo. Kuna mti unaitwa gumbo-limbo, gome lake jekundu linabanduka vipande vyembamba kama karatasi. Wenyeji wameupa jina la utani, mti wa mtalii, kwa jinsi ngozi yake inavyofanana na ya mgeni aliyeungua jua. Nilicheka peke yangu. Sisi wa Moshi tunawaona watalii hao wakishuka mlimani kila siku, pua zimebanduka vilevile.

Kisha msitu unakatika ghafla, unaona nyasi, na mwisho wa nyasi, maji.

Nyumba yenyewe. Nitajaribu kuieleza kama fundi kwa fundi.

Ilijengwa 1891 ikiwa ya ghorofa moja, imenyanyuliwa juu ya nguzo, imezungukwa na baraza pana. Mbao zake kwa sehemu kubwa ziliokotwa kutoka meli zilizovunjikia miambani. Paa lina miteremko minne inayopanda na kukutana juu, na pale juu kabisa kuna kidirisha kama kikofia. Ndiyo asili ya jina lake, The Barnacle: wale viumbe wa baharini wenye gamba gumu lililochongoka, wanaoganda chini ya mashua mpaka uwabandue kwa patasi. Jina la kumkera mwenye mashua, na mwenye mashua ndiye aliyelichagua.

Ndani, vyumba vimezunguka chumba kimoja cha katikati chenye pembe nane. Hewa ya ghuba inaingia kupitia barazani, inapita vyumbani, inafika katikati, ikishapata joto inapanda na kutokea kwenye kile kidirisha cha juu, ambacho kilifunguliwa kwa kuvuta kamba. Hakuna feni wala umeme unaohusika. Nilisimama chini yake, kola ya shati ikawa inatikisika.

Nikakumbuka nyumba niliyoichora mwaka juzi mtaa wa Shanty Town kule Moshi, nzuri kwa kutazama. Madirisha ya alumini yanayofunguka nusu, dari ya jipsamu, paa limefichwa nyuma ya ukuta. Mwenye nyumba alinipigia Februari, saa nane mchana, akaniuliza kama ninajua kiyoyozi cha bei nafuu. Nilimtajia. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia tatizo ni mchoro wangu.

Mwongoza wageni wetu alikuwa mama mmoja mtu mzima, sauti ya chini, anayeipenda kazi yake. Alipofika mwaka 1908 nilimwomba arudie. Munroe alikuwa ameoa tena 1895, mke wake Jessie alikuwa amemzalia watoto wawili, nyumba ikawa ndogo. Mtu mwingine angebomoa, au angebandika vyumba ubavuni mpaka nyumba ipoteze sura. Yeye aliiinua nyumba nzima kwa jeki, paa na kuta na madirisha yake, akajenga ghorofa mpya chini yake. Ya chini ikawa ya juu. Baraza likabaki baraza, chumba cha pembe nane kikabaki pale pale katikati, kimepanda tu.

Nimeshuhudia kibanda cha M-Pesa kikibebwa na Fuso kutoka Mbuyuni hadi Majengo, mwenyewe amekaa ndani ameshikilia rafu. Hicho ndicho cha karibu zaidi nilichonacho cha kulinganisha.

Ukutani kuna picha alizopiga mwenyewe, maana alikuwa mpiga picha pia: pwani tupu, minazi, Waseminole ambao ni wenyeji wa asili wa Florida, mashua zimeinama kwa upepo. Miami haikuwepo. Reli ilifika kule 1896, na mwaka huohuo mji ukaandikishwa rasmi. Kabla ya hapo kila kitu, kuanzia barua hadi misumari, kilikuja kwa maji. Kwetu reli kutoka Tanga ilifika Moshi 1911, na kabla yake vitu vilikuja kwa vichwa vya watu. Nilipomwambia mama yule, alifunga kalamu yake na kuuliza Moshi iko wapi. Nikamwambia chini ya Kilimanjaro. Akasema, "Aa!" kama wanavyosema wote, kisha akauliza swali ambalo hawaulizi wote: "Mna mashua huko?"

Hapo nikaitoa kamba.

Nilimweleza habari za Mzee. Dada alikuwa ananisaidia Kiingereza pale kinapokauka, ila kwenye maneno ya mashua kama "tezi" na "mataruma" naye alikwama, alisoma uuguzi. Mama akatuelekeza gatini, akasema tuipime tunavyotaka, tusipande tu ndani.

Kwenye maji kuna banda la mashua. La kwanza Munroe alilijenga 1887, akaishi ghorofani mwake kabla ya nyumba kusimama, mwenyewe juu, kazi chini. Kimbunga cha Septemba 1926 kililivunja, likajengwa upya. Nyumba yenyewe kimbunga kile kiliiacha imesimama, na kile cha 1992, Andrew, ambacho kiliifagia Homestead ya dada yangu mpaka misingi, nacho kikaiacha.

Na pale gatini, Egret, ile mashua ya kwenye picha.

Siyo ile ya asili, ni nakala iliyojengwa kwa kufuata mchoro wake. Ya asili Munroe aliibuni 1886. Chini yake ni bapa, omo na tezi, yaani mbele na nyuma, zote zimechongoka, na badala ya mkuku mrefu, ule uti wa chini ya mashua, ina ubao katikati unaoshushwa majini na kupandishwa. Ubao ukiwa umepandishwa inaelea kwenye maji ya sentimita ishirini hivi. Shibiri moja! Ghuba ile ni kina kifupi, imejaa mchanga na nyasi za baharini, na meli za wakubwa zilikuwa zinakwama mbali huku yeye anapita juu ya mchanga anaenda zake.

Dada akashika fundo la kwanza usawa wa omo, mimi nikatembea na kamba kando ya gati mpaka usawa wa tezi. Mafundo kumi na nane, na nusu. Kwenye vitabu ni futi 28. Kwa mkono wa Mzee, pima moja ikiwa dhiraa nne, ni pima nne, dhiraa mbili na nusu. Nikaandika kwenye daftari, nikaandika tena kwenye kiganja, daftari linaweza kupotea.

Kijana mmoja na mchumba wake walikuwa wanapiga picha za harusi kwenye nyasi. Mpiga picha wao alituomba tusogee, kamba inaonekana.

Siku ya 8 hadi ya 14

Maduka. Bwana asifiwe hayakuwa mengi.

Siku ya 16, Jumapili

Nyumbani. Mke wangu ameangalia miguu yangu kabla ya zawadi.

Siku ya 17, Jumatatu

Sikupumzika. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa stendi, Himo, kisha Kifaru, hapo nikachukua bodaboda tukaacha lami. Vumbi la kule ni laini kama unga wa mhogo. Milima ya Upare inabaki kushoto, mbele kunakuwa na miiba na mbuzi, halafu bila kutegemea unaona maji mengi mahali ambapo hapakustahili maji.

Bwawa lilijengwa miaka ya 1960 kwenye mto Pangani, chini ya pale Kikuletwa na Ruvu zinapokutana, kwa ajili ya umeme. Samaki wakajaa, watu wakaja kutoka kila upande. Mzee alikuja kutoka Pangani mjini, kwenye mlango wa mto huohuo, akiwa kijana. Ukimuuliza kilichomleta anasema, "Niliufuata mto kwao."

Nyumba yake aliijenga kando kabisa ya maji. Anasimulia kwamba miaka ya mwanzo alikuwa anafunga mtumbwi kwenye nguzo ya baraza. Maji ya bwawa yanapanda na kushuka yanavyotaka, na leo kutoka barazani hadi majini ni mwendo wa sigara moja. Mashua anayoiunda sasa iko kati ya nyumba na maji, juu ya magogo, mataruma yako wazi kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kamba iko wapi?"

Nikampa. Akaipitisha mkononi fundo kwa fundo, kuona kama imevutika. Nikasoma vipimo. Akaenda mchangani, akapima, akachomeka kijiti huku na kijiti kule, akasimama katikati kama amepanda.

"Upana?"

Nikamwambia upana sikupata kwa kamba, tulikatazwa kupanda. Akaguna.

"Tezi ikoje?"

"Haina tezi, Mzee. Ncha zote mbili zimechongoka."

"Kila mashua ina tezi, mwanangu. Ya huyu bwana haina kitako, ule ubao bapa wa nyuma." Akachora kwa kidole mchangani. "Wimbi la nyuma likija linapasuliwa, halimpigi. Amefikiri." Akanyamaza. "Na huo ubao wa katikati, unavuja."

"Umejuaje?"

"Tundu kwenye sakafu ya mashua, unadhani linafanya nini?"

Lakini visiki ndivyo vilivyomrudisha kwenye ule ubao. Bwawa lilifunika miti, na miaka yote hii mkuku wake unagonga visiki visivyoonekana. Ubao unaopanda ukiguswa ni jambo lingine. Aliuchora, akaufuta, akauchora tena akiusogeza nyuma kidogo. Chai ikaja, ikapoa.

Nilimweleza ile habari ya 1908, nikitegemea ashangae kama nilivyoshangaa mimi. Hakushangaa hata kidogo.

"Sasa angefanya nini? Mtu wa mashua akitaka kutengeneza chini, havunji. Anainua juu ya magogo." Akaonyesha kwa kidevu mashua yake. "Ninyi wa nyumba ndio mnaovunja."

Nikaendelea haraka, nikamweleza chumba cha pembe nane na hewa inavyopanda na kidirisha cha paani kinachofunguliwa kwa kamba. Akatazama bati la nyumba yake, lililokuwa linalialia kwa jua. Hapo ndipo alipoacha kuchora.

"Hiyo kamba, inafungwa wapi?"

"Inashuka chini, Mzee."

"Najua inashuka. Inafungwa wapi? Ukutani, au kwenye nguzo? Na inapita kwenye kapi, au juu ya mbao hivihivi? Maana ikipita juu ya mbao, mwaka mmoja imekatika."

Nilifungua picha zote kwenye simu. Nina picha kumi na saba za kidirisha kile. Kamba haionekani hata kwenye moja.

Mzee hakusema kitu. Ilikuwa saa kumi jioni, kule saa mbili asubuhi. Nikampigia dada, akapokea kwa sauti ya mtu aliyetoka zamu ya usiku.

"Dada, Jumamosi una nafasi?"

"Nini tena?"

"Ile nyumba. Kuna kamba."

Mzee akainua mkono, akataka simu. "Mwanangu," akamwambia, "na upana usisahau."